Rubani wa Buna Aliyetua Bila Kupita

Bismillahi. Familia ya mzee Barre Ogle imemtuma Alio, kaka mkubwa wa marehemu, awasomee nyinyi mliokuja kutupa pole hapa Garissa maisha ya Dagane Barre, tuliyemzika Jumamosi, na sauti ikimkatika njiani mtamsamehe.

Dagane alizaliwa Buna tarehe 3 Machi 1971, kitinda mimba wa Mama Ugbad, akasoma shule ya msingi papo hapo Buna na sekondari Wajir, akamaliza mwaka 1989, na utotoni mbuzi wakipotea hakuulizwa mwingine ila yeye, maana macho yake yalikuwa juu siku zote, yakitafuta ndege.

Mwaka 1992 aliajiriwa karani wa mizigo kwenye uwanja wa ndege karibu na kambi ya wakimbizi ya Ifo, akamwoa Sahro tarehe 9 Juni 1995, wakajaliwa binti mmoja, Yurub, aliyezaliwa tarehe 11 Februari mwaka huu wa 1997, na ambaye hatamkumbuka baba yake. Hilo linatuuma sana.

Januari mwaka huu alianza kujifunza urubani kwa Kapteni Yahye, kwa ndege kuukuu yenye gurudumu dogo mkiani, kongwe kuliko mwalimu mwenyewe, na wenzake wakamtania kwamba anaendesha vyuma chakavu. Sote tunajua desturi ya Buna, ndege hupita kwanza chini chini juu ya uwanja ili mifugo iswagwe, kisha huzunguka ndipo itue, na kila Dagane alipopita mama yake alimpungia shali.

Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi, injini ilizimika yeye na Kapteni Yahye wakiwa karibu na Buna, ndege ikashuka kimya, bila nguvu ya kupita na kuzunguka, na Mama Ugbad alikuwa katikati ya uwanja na mbuzi wake, ameipa mgongo, akingoja mlio. Magurudumu yalipogusa ardhi Dagane alikanyaga breki ya upande mmoja, mkia ukazunguka, bawa likachimba ardhi, ndege ikapinduka. Alivunjika uti wa mgongo, akaletwa hospitali hapa Garissa, akafariki Jumamosi tarehe 16, kabla ya adhuhuri.

Tangu siku hiyo tonge halipiti kooni mwa mama, na kila anayeingia humuuliza kama mwanawe alijua kwamba ni yeye. Kapteni Yahye, aliyenusurika akiwa amevunjika mkono tu, alilikwepa swali hilo hadi jana, alipomweleza Alio, na familia imekata shauri jibu lisomwe mbele ya watu. Kabla ya kukanyaga breki Dagane alitamka neno moja tu, "Hooyo", yaani mama. Alijua, Mama Ugbad. Hakukosea kutua, alikukwepa wewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa Ifo, na majirani wa Buna waliomchomoa kwenye vyuma kwa mikono mitupu. Tunawaomba jambo moja zaidi, mkisikia ndege, aliye karibu na mama amshike mkono, kwani jana ilipita moja hapa, naye akatoka mbio na shali mkononi.

Mola akurehemu, Dagane, utue salama.