Jokofu la Maiken na Betri za Bi Gudlaug

Tarehe 30 Juni, Bi Gudlaug Hestnes atakabidhi funguo za karakana ya manispaa, baada ya kukitumikia kisiwa chetu cha Langskjær kama fundi umeme kwa miaka thelathini na sita. Alipoajiriwa wapo waliosema mwanamke hatapanda nguzo kwenye upepo wa huku. Alipanda, akashuka, akawauliza kama kahawa imebaki.

Nyaya za shule ni kazi ya mikono yake. Taa za gatini pia. Lakini mimi, muuguzi wa majumbani, nitamkumbuka zaidi kwa jokofu moja.

Januari 2011 dhoruba ilikata umeme kisiwa kizima. Feri ilisimama, helikopta haikuweza kuruka, na theluji ilifukia barabara ya kaskazini. Jenereta ya manispaa ilibaki upande wa pili. Upande wetu wa kaskazini alikuwepo Maiken, mtoto wa miaka minne ambaye utumbo wake haukuweza kupokea chakula. Alilishwa kwa mshipa, kwa mifuko ya majimaji iliyotoka hospitali kila wiki na kuhifadhiwa kwenye jokofu la jikoni kwao. Mifuko ikipata joto huharibika. Ikiganda, huharibika vilevile.

Mama yake, Ingunn, alitaka kuitoa nje kwenye theluji. Bi Gudlaug, aliyekuwa amefika kwa miguu, alimzuia.

"Theluji haijui kusimama kwenye nyuzi joto tano, mwanangu. Niachie mimi."

Alikwenda kwake, akachomoa betri ya gari lake, akaileta, akaiunganisha na inveta ndogo inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, akachomeka jokofu. Likanguruma mara moja. Kisha tukasikia harufu ya inveta ikiungua.

"Kosa langu," alisema. "Nilipiga hesabu ya mota ikishazunguka. Nikasahau kwamba inapoamka inakula mara nyingi zaidi."

Inveta kubwa ilikuwa moja tu upande ule, ndani ya gari la kulala safarini la jirani yake, Torleif Bakkvik. Hawa wawili walikuwa hawasemeshani kwa miaka sita kwa sababu ya ukuta wa banda la boti. Nilimfuata Bi Gudlaug hadi mlangoni, nikamwona akisimama kidogo kabla ya kubisha.

"Nimekuja kuazima inveta yako," alisema.

"Miaka sita hujanisalimu."

"Najua. Nikiirudisha tunaweza kuendelea hivyohivyo. Ni kwa ajili ya Maiken."

Torleif alivaa koti. Inveta aliibeba mwenyewe, na betri ya gari lake juu yake.

Kwa siku tatu betri moja iliendesha jokofu huku nyingine ikichajiwa kwenye gari la Torleif, likinguruma uani kwake. Walibadilishana zamu. Bi Gudlaug alikataza mlango wa jokofu kufunguliwa ila kwa kutoa mfuko, na hata Ingunn alikemewa. Nilisoma kipimajoto kila saa. Hakikuvuka nyuzi saba. Siku ya nne helikopta ilitua na mifuko mipya. Ndani ya jokofu ilikuwa imebaki miwili, na Maiken alikuwa sakafuni akichora farasi.

Bi Gudlaug aliporudisha inveta, Torleif alimwambia aingie ndani. Alikaa saa nzima. Ukuta wa banda la boti bado uko palepale, na mpaka leo kila mmoja anasema haki ni yake, ila sasa wanaubishania wakinywa kahawa.

Baada ya hapo manispaa ilikubali ombi lake la siku nyingi: jenereta ya pili, upande wa kaskazini. Ameitunza mwenyewe hadi wiki hii.

Bi Gudlaug, tunakushukuru. Afya njema ikufuate, na chewa wasikosekane kwenye ndoana yako. Na siku taa zitakapozimika, tafadhali baki kitandani. Zamu hiyo ni yetu.