Rula na Injini ya Pampu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo sauti yangu ni nzito, mnivumilie. Tumempoteza fundi wa kuchomelea vyuma, yule ambaye karibu kila mtu alimwita Rula. Rula ametutoka. Alikuwa amechoka, na sisi tuliobaki tumechoka pia.

Jina hilo lilitokana na kunyoosha mambo. Geti likipinda kidogo tu, alilikata akaanza upya. Mwenye geti akisema ana haraka, Rula alimjibu, "Basi hiyo haraka yako ndiyo uifanye geti." Hata picha za ukutani alizinyoosha kwa watu kabla hajaketi.

Sasa, habari ya pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya kizamani, mali ya kaka yake. Injini yake halisi ilikufa, na kaka mtu akapachika injini ya pampu ya maji. Narudia: injini ya pampu ya maji! Haikuenea kwenye fremu, kwa hiyo alichomelea mwenyewe vishikizo vya kuibeba. Hakuwa fundi. Mshono wake ulikuwa na mabonge kama nta ya mshumaa. Lakini pikipiki ilitembea.

Kaka huyo alipofariki, mjane wake alimkabidhi Rula pikipiki. "Shemeji, nitengenezee itembee tena," alimwambia. Basi.

Lakini Rula mnamjua. Alizunguka kutafuta injini halisi hadi soli za viatu zikaisha, akaipata kwenye vyuma chakavu. Akaiweka pembeni injini ya pampu, akashika grenda, akakata vile vishikizo, akasugua fremu ikawa laini, akapiga rangi. Mkewe ananiambia, "Nyumba yangu ilinuka petroli kila Jumapili. Nilinyamaza. Ukimsemesha ndiyo unamwongezea kasi."

Shemeji akaitwa. Pikipiki inang'aa, injini imewaka mara moja. Mama wa watu akainama, akapitisha mkono chini ya tangi.

"Na pale alipochomelea marehemu?"

"Nimepaondoa, shemeji. Palikuwa pabaya."

"Haya. Umefanya kazi nzuri." Akachukua mkoba wake, pikipiki akaiacha, akaondoka. Hakukanyaga tena nyumba ile kwa muda mrefu.

Nilimuuliza mjane huyo kwa nini. Alisema, "Nguo zake niligawa. Kitanda tulinunua. Kitu alichokitengeneza kwa mkono wake kilikuwa kile tu."

Jamani. Rula akaitoa ile injini halisi, iliyokaa sawasawa kabisa, akaanza kuchomelea vishikizo upya. Alitaka kurudisha mshono wa kaka yake. Hakuweza. Mkono wake ulikuwa umezoea kunyoosha, na kila mshono ulitoka mzuri. Ukitoka mzuri, anaukata. Mkewe akamsihi, "Mume wangu, pumzika." Akamjibu, "Nitapumzikaje, na shemeji haji kwangu?"

Kisha ugonjwa ukaja, mkono ukaanza kutetemeka. Asubuhi moja akajikongoja hadi karakana, akaketi juu ya ndoo, akachomelea. Bonge hapa, bonge pale. Akatuma aitwe shemeji, naye akaja. Akauangalia mshono, akaugusa.

"Huu si wake," alisema. "Huu ni wako. Lakini lete hiyo injini ya pampu tuifunge."

Wakaifunga wawili, yeye akishika spana na Rula akimwonyesha boliti. Mkewe anasema waliongea habari za vyuma tu, na Rula alirudi ndani kulala akiwa hoi. Hakuamka. Injini imefungwa, wasikilizaji wapendwa. Haijawashwa.

Kwa mkewe, kwa watoto, kwa shemeji yake na mafundi wenzake: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize usiku huu kuna nani tumemnyamazia, tukidhani anajua tu yaliyo moyoni mwetu.

Yule mjane wa kaka yake amekuja hapa studioni leo. Nilimwomba azungumze mwenyewe, akashindwa. Amesema siku ile, akiwa ameshika spana, neno lilikuwa mdomoni akaona aibu, akasema atamwambia kesho yake. Ameniomba nimsemee, nami namsemea: "Shemeji, nilikwisha kukusamehe."

Nimelisema kama alivyoniomba. Mwenyewe yuko hapa mbele yangu, anatazama kipaza sauti.