Nyuma Yake Hakuna Darasa

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mgongo wake ni ukuta wa banda la kutengeneza baiskeli. Mwenye banda wanamwita Spoku, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Jioni wenyewe hukutana hapo: Katiba, tarishi mstaafu ambaye hakuna sheria asiyoijua na hakuna hata moja aliyoisoma, Breki, dereva wa zamani wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana, na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale, anauza kahawa kwa birika jeusi na kusikiliza zaidi kuliko anavyosema. Siku hiyo Spoku alikuwa ameuzamisha mpira wa ndani kwenye karai la maji akitafuta tundu. Viputo vinatoka waziwazi, yeye anavitazama kama havioni. Mkewe alikuwa amezikwa mwezi uliopita, kwa hiyo wenzake walikuwa wakimwacha na kimya chake. Lakini Breki na kimya hawajawahi kulala nyumba moja.

— Spoku, tundu hilo hapo linakuita kwa jina.

— Naliona.

— Unaliona wapi, na macho yako yako safarini?

Spoku akauachia mpira ukaelea. Akajipangusa mikono kwenye suruali.

— Nimetoka shuleni. Mwalimu mkuu aliniita.

Shangazi akammiminia kahawa bila kuulizwa.

— Binti kafanya nini? Katiba akauliza.

— Hajafanya kitu. Kosa lenyewe ndilo hilo. Siku alizokosa zimezidi. Mtihani wa kumaliza shule haufanyi.

— Ati nini? Si ulimweleza kwamba mama yake alikuwa kitandani?

— Nilimweleza. Nikamwonyesha na cheti cha daktari. Akakisoma mpaka chini, akanirudishia. Anasema kanuni inamtambua mwanafunzi aliyeugua mwenyewe. Ugonjwa wa mama si ugonjwa wa mwanafunzi.

Breki akapiga goti lake.

— Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa huyo mkuu mbona havunjiki?

— Methali hiyo haiendi hivyo, Katiba akamkosoa.

— Itaenda ninakoipeleka mimi. Spoku, ndugu yangu, mbona jambo lenyewe dogo? Mtoto arudie mwaka. Haraka haraka haina baraka.

— Arudie wapi?

— Darasa hilohilo.

— Darasa hilo mwakani halipo. Wao ndio wa mwisho kusoma mtaala wa zamani. Wanaowafuata walianza na mtaala mpya tangu wadogo: masomo mengine, vitabu vingine, alama zao zinakusanywa tangu huko nyuma. Mtihani huu ukishapita, umekwisha. Nilimwuliza mwalimu swali hilohilo. Akavua miwani, akaniambia: "Mzee, nyuma yake hakuna darasa."

Hapo hata Breki alinywa kahawa kwanza.

— Mimi nitawaambia siri ya hii mitaala, Katiba akaanza, akikaza sauti ya ofisini. Nimefanya kazi na wakubwa. Mkubwa mpya akiingia, kitu cha kwanza anageuza meza. Ilikuwa inatazama mlango, sasa itazame dirisha. Hana sababu. Anataka tu watu wajue kwamba kaingia. Mtaala ni meza.

— Sivyo, bwana! Breki akadakia. Wanabadilisha ili sisi wazazi tusiweze kumsaidia mtoto kazi za nyumbani. Juzi mjukuu wangu kaniuliza hesabu ya kutoa, nikamwonyesha nilivyofundishwa mimi. Akaenda kukosa. Sasa ananitazama kama gari bovu.

— Ulimwonyesha vibaya.

— Nilimwonyesha vizuri kwa mtaala wangu! Halafu nyie hamjui kuhusu madawati. Huko madarasa ya juu madawati hayatoshi. Sasa utamwambia nani hakuna nafasi? Unatunga kanuni. Huyu kakosa siku, huyu kakosa alama, huyu kakosa ada. Ni chekeche tu. Tena nasikia siku hizi hawasahihishi watu, ni mashine. Na mashine haijawahi kuwa na mama.

— Mashine inaingiaje kwenye mahudhurio? Shangazi akauliza.

— Ndiyo inayoita majina, Shangazi! Mwalimu anajifanya tu kuita. Sasa sikilizeni dawa yake. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo tunafungua bomba. Binti aanze darasa la kwanza upya, mtaala mpya, hesabu safi. Siku ya kwanza tu watamfanya kiranja. Nani atabishana naye, na ndiye pekee anayefika ubaoni?

Shangazi akacheka, akaziba mdomo. Katiba akacheka. Spoku naye akacheka, mabega yakamtikisika, na wenzake wakafurahi kwamba leo kacheka. Ilichukua muda kabla hawajatambua kwamba kicheko kilishakwisha na mabega bado yanatikisika.

Wakamwacha. Shangazi alimsogezea leso yake, hakuipokea, akajifuta kwa mkono wenye grisi.

— Mama yake hakutaka akose hata siku moja, akasema alipoweza. Mnamjua alivyokuwa. Upande mmoja wa mwili umekufa, lakini asubuhi lazima amwone mtoto na sare na begi. "Nenda, usichelewe." Mtoto anaaga, anatoka mlango wa mbele. Anazunguka nyuma ya nyumba, anakaa kwenye kizingiti cha jikoni, anasubiri kidogo, halafu anaingia tena. "Umerudi?" "Walimu wana kikao, mama." Basi anamgeuza, anamwosha, anamlisha uji kwa kijiko. Kesho yake hivyohivyo. "Walimu wana kikao."

— Na mama akaamini? Breki akauliza, kwa sauti ambayo hawakuizoea.

— Mwishoni alikuwa akicheka. Ulimi mzito, lakini anacheka. "Walimu wenu hawa! Hicho kikao watakimaliza lini?" Amekufa sijui kama aliamini au alikuwa akimsaidia mtoto kudanganya.

— Wewe je, ulijua?

— Ningefunga banda tungekula nini? Nilijua. Jioni nikirudi, shuka ni safi na mgonjwa kachanwa nywele. Nilikuwa nasema asante tu.

Katiba alikuwa akikizungusha kikombe chake kitupu.

— Tuandike barua, Shangazi akasema. Katiba, wewe ofisi ya elimu unaijua. Mweleze mwenzako pa kuanzia.

Kila mtu akamgeukia. Huu ndio ulikuwa wakati wake, na miaka yote alikuwa akiusubiri. Katiba akakohoa.

— Barua kama hizo nilizibeba mimi, akasema polepole. Za wazazi. Nyingine zimeandikwa kwa penseli. Nilizipeleka meza kwa meza mpaka nikastaafu. Sikumbuki kubeba jibu.

Safari hii Breki hakumtania.

Ndipo binti alipotokea, akija kutoka upande wa nyumba kwa kandambili, kitenge cha mama yake kiunoni. Alikuwa amekua ghafla, kama wanavyokua watoto wanaofiwa. Akasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Njoo ukae, mama, Spoku akamwambia. Ndivyo alivyomwita tangu azaliwe.

Binti hakukaa.

— Wenzangu wamepita nyumbani, baba. Wameniambia jina langu halikusomwa.

— Nilikuwa nakuja kukwambia.

— Najua.

Akamtazama baba yake, halafu akawatazama wale wazee mmoja mmoja, kwa adabu, kama anayetafuta mtu wa kumwelekeza njia.

— Baba, sasa kesho niamke saa ngapi?

Katiba akakiweka kikombe chake chini. Breki akainama kutazama viatu vyake. Shangazi aliliinua birika ili angalau awamiminie, likatoa machicha.

Spoku akanyanyuka. Akafunga banda, akamshika binti yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti akiwa mdogo. Wakaondoka taratibu kwa mwendo mmoja. Waliobaki kwenye benchi waliwafuata kwa macho, masikio yamewasimama kusikia baba atasema nini. Walipopinda kona alikuwa bado hajamjibu.