Swali la Nne la Profesa

Baba, Mama, majirani, mafundi na walimu mliofika, Baba Mdogo ndiye aliyepangiwa kusoma wasifu wa marehemu, nimemwomba anipishe, amekubali akisema tu nisome polepole, kwa hiyo nikikimbia mnisamehe, ni woga.

Mume wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1997, katika zahanati iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu na wa kiume wa pekee kwa Baba, ambaye ni fundi viatu, na Mama, akaanza shule ya msingi mwaka 2004, akamaliza sekondari mwaka 2017. Agosti mwaka huo alianza kujifunza ufundi wa vigae, na wenzake wakamwita Profesa, maana kabla ya kubandika kigae cha kwanza alikuwa anakokotoa chumba kizima juu ya kipande cha boksi, nao wanamuuliza kama leo kuna kazi au kuna mtihani.

Oktoba 2019 alijiunga na chuo kikuu kusomea hisabati, na hapa karatasi niliyopewa inasema alitunukiwa shahada Novemba 2022, na jana Baba alinituma nikalete cheti kiwekwe juu ya jeneza. Baba, cheti hakipo. Nilipekua kabati lote, nguo za mtoto nikazimwaga sakafuni, na nilikuwa najua hakipo, mpaka sasa sielewi nilikuwa natafuta nini. Masomo mengine yote alifaulu, ila aljebra ya mstari alianguka mwaka 2020, akaanguka tena 2022, na ile picha ya joho iliyo hapa mbele yenu alipiga siku alipowasindikiza wenzake, mmoja akavua joho lake akamvisha, wakacheka, picha ikakufikia wewe Baba kabla yake, akakukuta umeshaita mtaa mzima, akashindwa kusema. Aliniambia mimi tu, wiki ya pili baada ya ndoa yetu ya tarehe 14 Januari 2023, akaniambia pia kwamba chuo kimempa nafasi moja ya mwisho, na Baba akijua kabla hajafaulu atakufa kwa aibu. Kama kuna wa kukasirikiwa kwa kunyamaza, nikasirikie mimi.

Mimi niliishia kidato cha nne na hesabu ilinishinda, lakini yeye alisema hawezi kuelewa kitu mpaka akifundishe, basi kila jioni akitoka kazini, vumbi la vigae bado liko kwenye nyusi, ananifundisha mimi, na mimi ndiye mwandishi wa daftari. Alichomoa vijiti viwili vya ufagio wangu akaviweka sakafuni, akasema hizi ni vekta, zikielekea pande mbili tofauti unafika kona yoyote ya chumba, zikilala mstari mmoja hata uwe nazo mia huendi popote nje ya mstari huo. Hapo nilielewa. Kwenye matriksi, yale makundi ya namba yanayokaa ndani ya mabano marefu, nilipotea kabisa, kwa sababu kitendo kinachofanyika kwanza huandikwa kulia, cha pili kushoto, nikamwambia hiyo ni sawa na kuandika kiatu halafu soksi, akacheka mpaka mtoto akaamka, akasema umepapata, hapohapo ndipo ninapoangukia mimi.

Mungu alitujalia binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 2023.

Mtihani wa mwisho aliufanya Jumanne tarehe 11 Juni 2024, na jioni ile alinisomea majibu yake, nikayaandika kama kawaida. Jumatatu tarehe 24 alishikwa na maumivu ya kichwa na shingo, wakasema ni homa ya uti wa mgongo, akalazwa wodi ya tatu, na siku mbili za mwisho kitu alichoniuliza ni kimoja tu, kama kwenye swali la nne alipindua mpangilio, nami nikamwambia pumzika kwanza, sijui kwa nini nilimjibu hivyo, akafariki Jumapili tarehe 30 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka ishirini na saba.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani mliombeba mtoto siku zote hizo, mafundi mliosakafia ua huu jana ili wageni wapate pa kukaa, na mwalimu wake wa chuo, aliyeniambia karatasi itasahihishwa kama za wengine na matokeo yatabandikwa tarehe 19 Julai, nitakwenda kuyasoma, Baba ukitaka twende wote.

Cheti sikukipata, nilipata daftari, naomba likae pale palipopangwa cheti, ila lisifukiwe, mtoto atalitaka. Jana niliketi katikati ya zile nguo nikalifungua swali la nne, lilisema zungusha umbo kwanza, halafu livute, nikazidisha mwenyewe kwa kidole mara tatu, mzunguko umekaa kulia, mvuto umekaa kushoto. Soksi ilitangulia, Profesa. Hukupindua. Sasa pumzika kwa amani.