Mkono wa Miguuni

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na wenyewe hawakuona ajabu, maana hata hoja zao nyingi zilisimama hivyo hivyo. Lilikaa kati ya kibanda cha kinyozi na chumba cha masaji, na kila siku saa nne asubuhi lilikuwa na watu wake: Wembe, kinyozi aliyemnyoa mteja mmoja kwa habari tatu, Profesa, aliyeanza kozi sita akamaliza chai zake tu, na Mama Birika, muuza kahawa, aliyesikia yote na kumwaga kidogo. Asubuhi hiyo alikuwapo pia Vidole, mkandaji mwenye cheti chake ukutani. Mapajani alikuwa na fomu ya masomo ya kuendeleza ujuzi, na chini ya fomu daftari la jalada la kijani, amelifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha tundu la sketi. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa sita. Kozi zilikuwa nne, achague moja.

— Chukua ya wanamichezo, alisema Wembe. Wachezaji kuumia ni kazi yao.

— Wewe hata mtaro huruki, michezo unaijulia wapi? Profesa akamkata. Achukue ya wajawazito. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Miezi tisa, bwana! Kuna haraka hapo?

Mama Birika akamjazia Vidole kikombe.

— Mimi ningekwenda ya waliotoka kwenye upasuaji, mwanangu. Hao wana shukrani.

— Ipi inafundishwa mbali zaidi? Vidole akauliza.

Wembe akageuka na kikombe chake.

— Dada, watu huchagua kozi kwa faida, wewe unachagua kwa kilomita? Unakimbia nini, mume au polisi?

— Mkono.

Wakacheka. Yeye hakucheka, na kicheko chao kikaishiwa pumzi njiani.

Akawaeleza. Wiki tatu zilizopita dereva mmoja, akivaa viatu, alimwambia: "Msalimie msaidizi wako. Ana mkono mzuri." Vidole akadhani dereva ameota, watu huota kitandani pale. Wiki iliyofuata mwalimu wa kike akasema vilevile: wewe mabegani, mwenzio miguuni. Basi jana akaja fundi cherehani. Alilala kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda, macho sakafuni.

— Akaniambia, "Dada, nilikuwa naona ndala zako hapa chini ya pua yangu. Zote mbili. Sasa miguu nilikandwa na nani?"

— Na wewe ulikuwa wapi? Wembe akanong'ona.

— Kichwani pake. Mikono yote miwili shingoni.

Profesa hapendi swali lisilojibiwa, humkumbusha mitihani.

— Ni mishipa, akasema. Ya shingo imeungana na ya unyayo, kama simu. Unabonyeza huku, inaita kule.

— Inaita na kupaka mafuta? Fundi aliondoka na mafuta hadi vidoleni. Mimi chupa sikuipeleka upande ule.

— Basi ni wewe mwenyewe! Wembe akadakia. Unasinzia umesimama, unazunguka kitanda, unarudi. Mimi niliwahi kumnyoa mtu nyusi nikiwa usingizini.

— Tunajua. Alikuwa shemeji yangu, akasema Mama Birika.

— Au chumba kinajifunza, Profesa akapanda ngazi nyingine. Miaka mitano kinakutazama ukikanda. Hata ukuta ungefuzu! Kidole kimoja hakivunji chawa, Vidole. Umeletewa cha pili.

Methali hiyo, kwa bahati mbaya, iliingia mahali pake. Vidole akasikia baridi mgongoni, pale pale ambapo wateja wake husema "hapo hapo."

Mama Birika akaweka birika chini.

— Nyinyi chuoni si mnahesabiwa masaa ya mazoezi?

— Mia mbili, akajibu Vidole. Pungufu hupewi cheti.

— Basi huyo ni mtu aliyekufa masaa hayajatimia. Anayamalizia.

Kiganja cha Vidole kikalibana daftari. Chuoni walifanya mazoezi wawili wawili: yeye mabegani, mwenzake miguuni, kitanda kimoja. Mwenzake akaugua, akarudishwa kwao, akazikwa kabla ya mtihani. Vidole alipungukiwa masaa arobaini. Mwalimu akamtazama, akalitazama daftari la marehemu, akasema: "Haya hayana kazi tena. Yaandike kwako." Akayaandika. Arobaini, yote ya miguu. Daftari lake hilo la masaa, la kijani, lilikaa ndani ya begi miaka mitano mpaka fomu hii ilipotaka nakala yake. Alilitoa wiki tatu zilizopita. Siku iliyofuata, dereva akaja.

— Mbona umepauka? aliuliza Wembe.

Kabla hajajibu, mwanamke mmoja akavuka barabara, mkoba kwapani, uso wa mtu mwenye haraka zake.

— Habari zenu. Fundi wangu wa nguo kanielekeza hapa. Nimesikia mko wawili.

— Nataka huyo wa miguuni. Na binti yangu anatafuta chuo, anaipenda sana kazi hii. Eti, huyo mwenzenu alisomea wapi?

Wembe akamtazama Profesa. Profesa akainama kulitazama tofali la benchi. Mama Birika akainamisha birika, likatoa tone moja na masimbi ya kahawa.

Vidole akasimama.

— Tulisoma chuo kimoja, mama. Mimi na yeye, kitanda kimoja.

— Aa! Mbona wanasema yeye anakushinda?

— Alikuwa ananishinda. Karibu ndani.

Akamfungulia mlango, akatandika shuka safi. Kisha akaenda upande wa miguu, akasogeza kigoda, akaweka juu yake chupa ya mafuta, na kando ya chupa daftari la kijani, wazi kwenye ukurasa wa masaa arobaini, na kalamu katikati.

— Wee Vidole! Wembe akapaza sauti kutoka nje. Fomu umeiacha huku! Saa sita inagonga!

Akatoa kichwa mlangoni.

— Kozi ya pili itangoja. Kuna mtu bado hajamaliza ya kwanza.

Akafunga mlango. Benchini wakasikia kofi la mafuta viganjani, kama wanavyolisikia kila siku. Na baada yake, kutoka upande wa miguuni, la pili.