Darubini Kando ya Mto Oli

Pikapu ya Koboko ilipovuka mto Oli, abiria waliwaona wazungu wakitembea ukingoni kwa mstari mmoja, darubini machoni. Yakani akakumbatia mabati yake mapya. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka uhamishoni, na leo alikuwa anakwenda kuezeka nyumba Ludara.

"Hawa iko wanaangalia korongo, ile ndege ya miguu murefu," alisema Gaspard, mchuuzi wa vitenge kutoka Kongo. "Mutu moja yao aliniambia."

"Korongo iko na nini ya kuangalia?" aliuliza Mariam Poni, mjane wa askari. "Bwana yangu alikuwa na darubini. Mutu akishika darubini, anatafuta mutu. Mara ile tuliona darubini, kesho yake tukakimbia."

"Mama, hawana na bunduki."

"Ya kwanza hakuna bunduki. Bunduki inakuja nyuma."

Yakani alimtazama huyu, akamtazama yule. Wao walikuwa na maneno. Mabati yalikuwa yake.

Pikapu ikasimama Ludara. Dereva akauliza, "Mzee, mabati tushushe?"

Yakani akatazama juu. Korongo walikuwa wengi kweli, wote wakielekea kusini kama watu wanaokimbia, na hakuna aliyetua.