Bonde la Kasomeno na Vivuli Vyake

Ndani ya basi la kutoka Kipushi, Mzee Kangwa, mstaafu wa reli, alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Mbele yake Mama Germaine alikuwa akimweleza msichana wa kiti cha pembeni kwamba anakwenda mjini kukataa uchumba wa bintiye Léa. Kijana anayemposa ni wa kijiji cha Kasomeno.

"Ile fasi nilishaiona mu televizyo," alisema. "Mu filimu ya balozi, ba wachawi. Kuko bonde chini ya kilima, bantu banaingia na kivuli, banatoka bila kivuli. Kile kilima njo kilima ya Kasomeno."

"Mama, kile kilima kilichorwa na mashini, na kompyuta."

"Na mashini ilikiona wapi?"

Mzee Kangwa, ambaye hakuwahi kukosa jibu, akafumbua macho.

"Mama, mimi nilikaa Kasomeno miaka tatu," alisema, ingawa alipita siku moja tu, tena usingizini. "Bonde iko. Lakini inakamataka vivuli vya bantu babaya. Mama mukwe banamupikia bukari na kuku, anarudia kwake muzima."

Msichana alimkata jicho. Mama Germaine alimpima mzee tangu kofia hadi viatu.

"Na weye, papa, ulitoka na kivuli yako?"

"Yote."

"Basi nitaona ukishuka. Kama iko, Léa ataolewa."

Basi likasimama Kamalondo, mjini, mzee akashuka. Mama Germaine akatoa kichwa dirishani, akakagua ardhi miguuni pa mzee. Jua lilikuwa utosini kabisa. Mzee Kangwa alianza kucheka, kisha naye akainama, akatafuta kivuli chake.